Kikombe cha Kwanza Hunywa Mpishi

Mercy, siku ile ya kuniaga, nilipokuachia jiko, ulinipa kikombe cha chai nikakishika bila kunywa mpaka ukaanza kunitazama kwa wasiwasi. Baadaye ulinivuta kando ukaniuliza kama uliweka chumvi badala ya sukari. Hapana, mtoto wangu. Chai yako ilikuwa nzuri. Nimekaa hapa kwangu Kiplombe nikaona ni heri nikueleze kwa maandishi, kwa sababu mdomo wangu ukianza habari hii huishia njiani, na pia kwa sababu wapishi wa kambi nyingine za wakimbiaji wamekuwa wakiomba niwaandikie mambo ya jikoni. Basi someni pamoja. Anayetaka kujua nyama ya kuwalisha wakimbiaji ichemke kiasi gani, jibu ni mpaka ilainike. Hayo mengine ndiyo magumu.

Katika miaka yote niliyopika pale kambini, juu ya barabara ya Moiben, kitu nilichojifunza kuliko vyote ni kuogopa. Sisemi kwa mzaha. Nimewaachia sufuria kubwa yenye mpini mmoja, mwiko uliochakaa upande wa kulia, na woga wangu. Tunzeni vyote vitatu.

Nilifika pale nikiwa mjane, Mjaluo wa kutoka upande wa ziwa, nimechoka kupika katika hoteli za mjini Eldoret ambako mteja anakutukana kwa sababu ya kipande cha chapati. Kocha alikuwa anatafuta mpishi. Siku yangu ya kwanza nilitaka kuwafurahisha, nikapika samaki kama nyumbani, wa kukaanga na kuungwa nyanya. Wakimbiaji walisali kwa heshima, wakala ugali na sukuma wiki wakamaliza, wakasema asante Mama. Samaki, ambao wao hawakuzoea kula, walibaki kwenye sahani wakitutazama. Jioni niliwala mimi na mlinzi, naye aliniomba nisimwambie mtu.

Mpishi aliyekuwepo kabla yangu aliitwa Mama Rael, mama wa Kinandi ambaye magoti yalikuwa yamemshinda. Alibaki kunifundisha kwa muda, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akinielekeza kwa fimbo kama askari wa barabarani. Alinifundisha ugali mgumu wa kukatwa, mursik, yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni, na namna ya kuosha kibuyu chake, na kwamba mkimbiaji aliyetoka mazoezini haulizwi swali kabla hajanywa chai. Lakini jambo alilolisimamia kuliko yote lilikuwa hili: kikombe cha kwanza hunywa mpishi. Si kuonja kwa ncha ya mwiko kule jikoni. Unasimama mbele yao, unajimiminia kutoka chombo kile kile watakachonywea, unakunywa wakikuona, ndipo unawagawia.

Mimi nilikasirika. Nilidhani ni kwa sababu ya kabila langu, kwamba mgeni lazima athibitishe hajaleta sumu. Mama Rael aliusoma uso wangu.

"Si wewe, Achieng'," akasema. "Hata mimi nimekunywa mbele yao miaka yote. Hawa watoto hawana kitu ingine. Mwili ndio shamba yao, ndio ng'ombe yao. Sasa wewe unaweka kitu kwa hiyo mwili kila siku. Hauogopi?"

Nikamwambia siogopi, napika tu.

"Basi hujaelewa kazi," akasema, akanigonga mguu na fimbo.

Nilielewa haraka. Katika kambi moja iliyokuwa mbali kidogo na yetu mkimbiaji alipimwa mkojo, akapatikana na dawa za kuongeza nguvu zilizokatazwa. Alipoulizwa imeingiaje, akasema labda ni chakula. Sijui kama alikuwa anasema kweli. Ninachojua ni kwamba mpishi wake, mama mtu mzima kama mimi, alifungasha nguo zake kwenye gunia wiki hiyo hiyo na hakuna aliyemuuliza lolote. Alipita kwetu kuaga. Tangu siku hiyo nikawa nafunika kila kitu. Maji ya kunywa nayafunika, chumvi naifunika, sufuria ikiwa jikoni nami niko jikoni. Wakimbiaji walinicheka wakasema Mama Achieng' anafunika hata moshi.

Nilipoanza, nguvu ya mkimbiaji ilikuwa chai yenye sukari nyingi, ugali na usingizi. Aliyejiweza alinunua glukosi ya pakiti. Wengine walifungua soda jioni, wakaiacha gesi itoke, wakaibeba asubuhi kwenye mbio ndefu. Halafu zikaja soda za nguvu, zile za makopo membamba yenye wanyama wakali. Kijana anakunywa moja tumbo likiwa tupu, anapita jikoni mikono ikitetemeka, ananiambia leo nitawaonyesha. Mara nyingi alionyeshwa yeye. Mwisho yakaja makopo makubwa ya unga, yenye picha ya mwanamume aliyejaa misuli ambaye, kwa macho yangu ya mpishi, asingefika hata kwenye lango la kambi bila kupumzika.

Nilikuwa nayaogopa makopo yale kuliko gesi inayovuja. Maandishi yake ni madogo kama mayai ya chawa, na nusu ya maneno ni majina ya vitu ambavyo havijawahi kuota shambani. Vijana walinieleza kwa subira, kama unavyomweleza mtoto.

"Mama, hii inaitwa pre-workout. Si dawa. Unakunywa kabla ya training, unaskia kupaa."

"Na ukishapaa, nani anakushusha?"

Walicheka. Mimi sikucheka. Niliweka sheria kwamba jikoni kwangu haliingii kopo la mtu. Kila mmoja akae na lake chumbani, na akinywa, anywe kwa kikombe chake, akakioshe mwenyewe kwenye mfereji wa nje. Kocha aliiunga mkono. Yeye naye alikuwa mwoga, ila kocha hawezi kuonyesha.

Sasa niwaambie kuhusu Cherop. Alitoka Chepsaita, msichana mrefu wa maneno machache, anayekimbia kana kwamba ameitwa nyumbani. Alikuwa na jambo moja la ajabu: hakunywa chai, ya maziwa wala ya rangi. Mtoto wa Kikalenjin asiyekunywa chai, hebu fikirieni. Alisema akinywa moyo unaruka, unasimama kidogo, halafu unaanza kukimbia peke yake. Alisema hivyo mbele ya wote huku anacheka, na sote tukacheka, Kocha pia. Wakamwita Maziwa. Mimi nilimwekea maziwa yake kwenye sufuria ndogo, bila majani. Kinywaji pekee alichokunywa pamoja na wenzake kilikuwa uji wa wimbi, ule mwepesi niliowapa asubuhi za mbio ndefu. Uji hauna majani ya chai, hauna kahawa, kwa hiyo kwa Cherop ulikuwa salama. Nilikuwa nafurahi nikimwona anainua kikombe sawa na wengine.

Na kuna Kibet. Mnamfahamu, ndiye anayewanoa vijana wadogo siku hizi. Wakati huo alikuwa ametoka kukimbia ng'ambo kwa mara ya kwanza, na mbio hazikumwendea vizuri. Pale kambini kuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika. Anayerudi kutoka nje haji mikono mitupu, na alicholeta hakifungii chumbani. Akileta chokoleti, inavunjwa vipande vidogo kama mkate wa meza ya Bwana, kila mtu anapata. Akileta soksi, jozi inaweza kugawanywa watu wawili, nimeona kwa macho yangu. Kula peke yako ndiyo aibu kubwa kuliko kushindwa. Kibet hakuwa na chokoleti wala soksi. Alikuwa na kopo moja la unga ambalo mkimbiaji wa huko alimpa walipokuwa wakiagana.

Asubuhi ya mbio ndefu nilikuwa nimemaliza uji. Nikasikia mikebe ikigongana nje, nikajua Mzee Too amefika na pikipiki yake. Mzee Too ndiye aliyetuletea maziwa kila siku kutoka kwa wakulima wa Moiben. Nilifunika sufuria, nikatoka hadi langoni kupokea maziwa, tukasalimiana, akaniuliza habari ya magoti yangu nami nikamuuliza ya ng'ombe wake. Niliporudi sufuria ilikuwa imefunikwa vile vile.

Nikaubeba uji hadi mezani. Wote walikuwa wamesimama, wamevaa jaketi, wanaruka ruka kwa baridi. Nikajimiminia, nikanywa wakiniona. Nilisikia uchachu na utamu uliozidi kidogo ule wa siku zote, nikadhani unga umechachuka zaidi kwa sababu niliuloweka mapema. Nikawagawia. Cherop akapokea chake kwa mikono miwili kama kawaida yake. Mzee Too naye akapata kikombe, kwa maana hakuna anayefika pale akaondoka mdomo mkavu.

"Mama, leo uji imeweza!" Kibet akasema, akitabasamu kama mtu aliyeficha zawadi mgongoni. Ndivyo ilivyokuwa, ila mimi sikujua.

Wakaondoka. Kocha akawatangulia na pikapu pamoja na kundi la wanaume, wasichana wakafuata nyuma kwa mwendo wao. Nikaanza kuosha vikombe.

Kitu cha kwanza kilikuwa masikio. Yalianza kuwasha kwa ndani. Halafu midomo, halafu uso wote na migongo ya mikono, nikahisi ninachomwa sindano ndogo ndogo. Kisha moyo. Mercy, moyo wangu ulianza kupiga mpaka nikausikia kwenye meno. Dada yangu alikufa kwa presha, alianza hivyo hivyo, ganzi usoni. Nikaketi juu ya gunia la makaa nikasema Mungu wangu, ni leo, na sijaosha sufuria. Niliogopa kufa nikiwa peke yangu jikoni, na wakimbiaji warudi wanikute na nzi.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mzee Too, hajaondoka bado, anajikuna mashavu kwa mikono yote miwili.

"Mama Achieng'," akasema, "mbona uso yangu inatembewa na siafu?"

Nikamtazama. Mzee Too na mimi hatuishi nyumba moja, hatuli chungu kimoja, hatuna ugonjwa mmoja. Asubuhi ile tulikuwa tumeshiriki kitu kimoja tu. Nikageuka nikaitazama sufuria ya uji, na woga wangu wa kufa ukaondoka mara moja, ukaja mwingine mkubwa kuliko huo. Nikasema kwa sauti, "Cherop."

Nilikimbia kwenye shimo la taka. Kopo lilikuwa juu kabisa, halikufichwa hata kidogo, likiwa na mtu wake wa misuli. Lilikuwa tupu. Ndani kulikuwa na kijiko kidogo cha plastiki, na mtu aliyelimimina hakuwa amekitumia. Nikaliweka kopo kwenye mfuko wa aproni. Nasema tena kwa wote mtakaosoma, kopo usiliache.

Simu ya Kocha haikushika. Kule njiani mtandao huja na kwenda. Mzee Too alikuwa tayari juu ya pikipiki, anajikuna shavu kwa bega. Nilipanda nyuma, mikebe miwili ya maziwa ya wateja wengine ikining'inia kila upande wa miguu yangu, tukashika barabara ya vumbi. Sijawahi kupenda pikipiki. Siku ile niliomba iende kasi zaidi, na ilipoenda kasi zaidi niliogopa, na bado nikamwambia ongeza. Kila kona niliyoiona mbele nilijiambia nitamkuta amelala. Kona ikipita bila mtu, nilishukuru, halafu nikaogopa ile inayofuata. Moyo wangu mwenyewe ulikuwa unapiga ovyo, nikawa nawaza, kama mimi ninayekaa kwenye gunia uko hivi, wa yule anayepanda mlima uko vipi?

Tuliwakuta baada ya mteremko wa mashamba ya mahindi. Wasichana walikuwa wamesimama duara kando ya barabara. Mmoja alikuwa anatapika kwenye mtaro. Wakimbiaji hawasimami katikati ya mbio ndefu, Mercy. Nilipoona wamesimama, nilishuka kabla pikipiki haijasimama.

Cherop alikuwa ameketi kwenye nyasi, mgongo umeegemea mguu wa mwenzake. Midomo ilikuwa ya kijivu. Aliponiona akajaribu kutabasamu.

"Mama, inaruka," akasema. "Leo imekataa kushuka."

Mzee Too alishuka, akafungua kamba za mikebe, akaitupa kando. Vifuniko vilifunguka, maziwa ya watu wa Moiben yakatiririka yakaingia kwenye vumbi. Hakutazama hata. Katika miaka yote iliyofuata hakuwahi kuyataja maziwa yale, wala hakuniruhusu niyataje.

Tukamweka Cherop katikati, mimi nyuma yake, nimemfunga kwangu kwa leso. Safari hiyo kwenda kituo cha afya ndiyo ninayoiota mpaka leo. Kifua changu kilikuwa kimebana kwenye mgongo wake na nilikuwa nasikia moyo wake kupitia jaketi. Haukuwa unapiga. Ulikuwa unapapatika kama kuku aliyeshikwa miguu. Kisha ulisimama. Nilihesabu kupumua kwangu, nikapiga kelele jina lake, ukaanza tena. Nikamwambia aniambie majina ya ng'ombe wa kwao. Akaanza kuyataja, moja moja, kwa sauti ndogo. Kila alipokawia kati ya jina na jina, nilijua amekufa. Halafu jina lingine likaja. Niliwachukia ng'ombe wa kwao kwa kuwa wachache.

Kituoni walimpa hewa, wakaita ambulensi, tukaenda hospitali mjini. Daktari kijana alitoka akaniuliza, "Mama, huyu amekunywa nini?" Nikatoa kopo kwenye aproni. Alilisoma lote, mpaka yale maandishi ya mayai ya chawa.

"Hii mtu mmoja anachukua hii kijiko ndogo, mara moja. Na hata hiyo si ya mtu mwenye moyo kama wake. Nyinyi mliitumia aje?"

"Ilimiminwa kwa sufuria ya uji."

"Yote?"

"Yote. Ya watu wote."

Akarudi ndani haraka. Ule uharaka wake ulinitisha kuliko maneno.

Kocha alifika na Kibet. Kundi la wanaume nao walikuwa wametapika kilimani, wengine walikimbia kilomita za kwanza kama wamefukuzwa na nyuki na kisha wakakwama. Ndipo Kibet alipoelewa. Alisimama ukutani kwenye korido, mtu mzima, machozi yanamshuka na hayapangusi.

"Mama, niliona aibu," akasema. "Kopo ni kidogo na watu ni wengi. Nikasema nikiweka nusu wataona nimewanyima. Nilitaka waskie nguvu kwanza, ndio niwaambie ni zawadi yangu."

Nilikuwa nimeandaa matusi ya Kijaluo tangu njiani. Yaliisha mdomoni. Unga ule ulitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, anayekunywa peke yake mbele ya kioo. Aliyeutengeneza hakuwahi kufikiria kwamba kuna mahali duniani ambapo mtu ataona haya kuunywa peke yake. Na Kibet hakuwahi kufikiria kwamba kuna kitu cha kunywa kisichogawanyika. Alidhani ni kama sukari. Alidhani chai ndiyo inayomdhuru Cherop, na hii si chai.

Cherop aliishi. Niliruhusiwa kumwona ilipofika mchana, amejaa waya kifuani. Walikuta moyo wake ulizaliwa na hitilafu, ambayo sisi sote tuliicheka mezani kwa muda wote ule. Baadaye alipelekwa Nairobi kutibiwa. Alirudi mzima, lakini daktari alimwambia mashindano basi. Alilia siku hiyo tu, mbele yangu, kisha akakusanya viatu vyake akavigawa. Hakubakiza hata kimoja.

Mngedhani woga uliishia hapo. Siku chache baada ya tukio, alfajiri, gari likasimama langoni. Wapimaji wa mkojo, wanaotafuta dawa. Huja hivyo, bila kutoa taarifa kabla. Wakaita majina ya waliokuwa kwenye orodha yao, wakawafuata mmoja mmoja hadi chooni kama sheria yao inavyotaka. Hakuna aliyejua ndani ya kopo lile kulikuwa na nini kingine. Daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba unga mwingine huwa na vitu ambavyo havikuandikwa nje. Kila mkimbiaji aliyetoka na chupa yake alinipita bila kunisalimia. Sikuwalaumu. Wote walikuwa wamepokea kutoka mkono wangu.

Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba ukiwa safi, mara nyingi hakuna anayekupigia simu kukupongeza. Unakaa tu. Wiki zinapita. Simu ya mtu ikilia mezani, vijiko vyote vinasimama. Mimi nilikuwa nimefungasha nguo zangu kwenye mfuko chini ya kitanda, nikimkumbuka yule mama wa gunia. Kila asubuhi ya mbio ndefu nilipika uji, nikafungua mfuniko, nikajimiminia. Nilikunywa. Nilisubiri. Niliwafanya wasubiri pamoja nami, wameshika vikombe vitupu, mpaka uso wangu uthibitishe hauwashi. Hakuna aliyenung'unika. Kibet ndiye aliyekuwa anapokea wa mwisho.

Simu haikuja. Taratibu watu wakaanza tena kucheka wakila. Nguo zangu nilizitoa kwenye mfuko, ila mfuko niliuacha chini ya kitanda mpaka siku ya kustaafu.

Basi sasa turudi kwenye kikombe chako, Mercy. Siku ya kuniaga mlinikalisha kwenye kiti cha mbele kama bibi harusi. Kwa mara ya kwanza pale kambini nilikuwa mgeni. Ukaja na chai, chai ya rangi iliyoiva vizuri, kwa haraka ya sherehe ukanipa mkononi kikombe cha kwanza, ukaenda kuwagawia wengine. Hukunywa kwanza. Sikutaka kukuaibisha mbele ya watu. Lakini mkono wangu ulikataa kupanda mdomoni. Nilijua chai ni salama. Mkono ndio haukujua.

Yaliyofuata uliyaona, lakini hukujua unachokiona. Yule dada mrefu aliyekuwa ameketi nyuma, aliyetuletea maziwa ya ng'ombe wake kutoka Chepsaita, aliinuka. Alipita kati ya meza akasimama mbele yangu. Kibet alimwona akaweka chini kikombe chake. Cherop akanichukulia kikombe mkononi, kile cha chai ya rangi, akakiinua.

"Wacha, Cherop," nikasema. "Wewe wacha."

"Ni kidogo tu, Mama."

Niliinuka nikamshika mgongoni, mkono wangu ukaenda wenyewe pale pale ulipokuwa kwenye pikipiki. Alikunywa funda moja, watu wote wakimwona. Kisha akasimama kimya, na mimi nikasimama naye, naogopa kama siku ile, nikisikiliza kwa kiganja. Ulipiga. Ukapiga tena. Ulikwenda polepole, mmoja baada ya mwingine.

"Iko sawa," akaniambia, akanirudishia kikombe. "Sasa kunywa."

Nikanywa.